Kihami Ndani ya Kapasita: Kisichopitisha Umeme Hufanya Kazi Gani?



Karibu kila nyumba ya parokia, kila bweni na kila bwalo lina feni ya darini ambayo zamani ilizunguka kwa kasi na siku hizi inajivuta. Hata ukiweka swichi namba ya mwisho, haina nguvu. Wakati mwingine haianzi kabisa mpaka mtu aisukume kwa mti wa ufagio. Fundi akija hachukui muda mrefu. Anasema, "Kapasita imekufa," anafunga nyingine, na feni inapona.

Wengi tunalijua hilo, lakini ni wachache wanaojiuliza ni nini hasa kilichokufa. Ndani ya kile kiboksi cheusi hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosuguana, hakuna balbu ya kuungua. Kuna plastiki nyembamba iliyoviringishwa kama mkeka, ikiwa imepakwa utando wa metali. Na plastiki, kama tulivyofundishwa tangu kidato cha kwanza, haipitishi umeme. Basi kitu kisichopitisha umeme huchoshwa vipi na umeme?

Swali hili si la mtihani tu. Kapasita hiyohiyo, ikiwa kubwa na ikiwa ndani ya kifaa kingine, inaweza kumuumiza au hata kumuua mtu aliyechomoa plagi na kuamini kwamba hatari imekwisha. Anayeelewa jinsi kihami kinavyotenda ndani ya uga wa umeme anaelewa mambo yote mawili: kwa nini feni inachoka, na kwa nini kifaa kilichozimwa bado kinaweza kupiga.

SAHANI MBILI NA KILICHO KATIKATI

Kapasita ya aina yoyote ina sehemu tatu: sahani mbili za metali, na kihami kinachozitenganisha. Ukiunganisha sahani hizo na betri, elektroni zinasukumwa kuingia sahani moja na kuvutwa kutoka nyingine. Sahani moja inakuwa na chaji hasi, ya pili inakuwa na chaji chanya. Chaji hizo zinavutana, lakini haziwezi kukutana kwa sababu ya kihami kilichoko katikati. Hapo ndipo nishati inapohifadhiwa.

Nafasi iliyoko kati ya sahani hizo imejaa uga wa umeme. Nguvu ya uga huo tunaipata kwa kugawa volteji kwa umbali kati ya sahani. Volti 10 katika umbali wa milimita 1 ni uga wa volti 10 kwa milimita. Volti hizohizo 10 katika umbali wa sehemu ya mia ya milimita ni uga wa volti 1,000 kwa milimita. Volteji haijabadilika hata kidogo, lakini kihami kimewekwa katika hali ngumu mara 100. Jambo hili tulishike vizuri, maana tutalirudia.

Uwezo wa kapasita kubeba chaji hupimwa kwa faradi. Kapasita ya faradi 1 inabeba chaji ya kulombi 1 kwa kila volti 1. Hicho ni kipimo kikubwa sana, kwa hiyo kapasita nyingi za majumbani huandikwa kwa mikrofaradi, yaani sehemu ya milioni moja ya faradi. Uwezo huo unaongezeka sahani zikiwa pana, unaongezeka zikisogezwa karibu, na unaongezeka tena kutegemea ni kihami gani kilichowekwa katikati. Sababu ya tatu ndiyo iliyowachukua wataalamu miaka mingi kuielewa.

KUTOKA CHUPA YA LEIDEN HADI FARADAY

Kapasita ya kwanza ilikuwa chupa. Mwezi Oktoba 1745, Ewald Georg von Kleist, kiongozi wa kanisa la Kilutheri huko Pomerania, aligundua kwamba chupa ya kioo inaweza kuhifadhi umeme mwingi kiasi cha kumpiga mtu kwa nguvu. Muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, alipata matokeo kama hayo, na mwanzoni mwa 1746 habari zake zikafika Paris.

Aliyezieneza huko Ufaransa, na aliyeipa chupa hiyo jina la Leiden, alikuwa mtu wa Kanisa: Abbé Jean-Antoine Nollet, shemasi na mwanafizikia. Nollet aliwapanga walinzi 180 wakiwa wameshikana mikono mbele ya Mfalme Louis XV, kisha akapitisha umeme wa chupa katika mstari wote. Wakaruka kwa pamoja. Baadaye alirudia jaribio hilo kwa watawa Wakartusi wa Paris, nao wakaruka kwa pamoja vilevile. Leo tunacheka, lakini jaribio kama hilo hatulishauri kwa mtu yeyote.

Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyeuliza swali la maana: umeme uko wapi ndani ya chupa ile? Je, uko katika maji, katika metali, au katika kioo? Alitenganisha sehemu za chupa moja baada ya nyingine, akahitimisha kwamba nguvu yote iko katika kioo. Alikuwa na haki kwa sehemu. Mwaka 1922 G. L. Addenbrooke alionyesha kwamba katika jaribio la namna ile, chaji huweza kuruka kutoka kwenye metali na kukaa juu ya uso wa kioo wakati sehemu zinapotenganishwa. Alipotumia chombo cha nta badala ya kioo, chaji ilibaki kwenye metali. Hata hivyo, Franklin aliwafundisha wenzake kukitazama kihami chenyewe badala ya kukiona kama ukuta tu.

Michael Faraday wa Uingereza alilimaliza jambo hili mwaka 1837. Alitengeneza vifaa viwili vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na tufe la metali ndani ya tufe jingine. Kimoja alikiacha na hewa, na katika kingine akajaza kitu kama laki, salfa au kioo. Kisha akagawanya chaji kati ya viwili hivyo. Kama kihami kingekuwa ukuta tu, vifaa hivyo vingegawana nusu kwa nusu. Havikufanya hivyo. Kile chenye laki au salfa kilibeba chaji zaidi. Kwa hiyo kitu cha katikati kinashiriki katika kazi. Faraday alihitaji jina kwa ajili ya kitu cha namna hiyo, na rafiki yake William Whewell, padre wa Kianglikana na mwalimu wa Cambridge, akampa neno ambalo leo tunalisema daielektriki. Kipimo cha faradi chenyewe kinatokana na jina la Faraday.

NINI HUTOKEA NDANI YA KIHAMI

Tulitazame shamba la mahindi upepo unapovuma. Kila mmea unainama upande mmoja, lakini hakuna mmea unaohama mahali pake. Upepo ukitulia, yote yanasimama tena. Vumbi la njiani ni tofauti, maana upepo ukija vumbi linaondoka nao.

Katika metali, elektroni nyingi ni kama vumbi hilo. Uga wa umeme ukija, zinakwenda, na mwendo huo ndio tunaouita mkondo. Katika kihami, elektroni ni kama mahindi. Zimeshikwa na atomu zake. Uga unapokuja haziwezi kusafiri, lakini zinainama: elektroni zinavutwa kidogo kuelekea upande chanya, na kiini cha atomu kinasukumwa kidogo kuelekea upande hasi. Umbali huo ni mdogo mno, mdogo hata kuliko atomu yenyewe, lakini unatokea katika kila atomu ya kihami chote. Wataalamu huita tendo hili upolarishaji.

Kuna njia tatu kubwa za kuinama huku. Ya kwanza ni hiyo ya elektroni na kiini, ambayo ipo katika kila kitu. Ya pili hutokea katika fuwele zenye ioni: ioni chanya zinasogea upande mmoja, ioni hasi upande mwingine. Ya tatu ni ya molekuli ambazo kwa asili yake zina upande chanya na upande hasi, kama maji. Peter Debye alieleza habari za molekuli hizi mwaka 1912, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Molekuli kama hizo hugeuka zenyewe kufuata uga, kama waumini wanaogeuka wote kutazama mlangoni maandamano yanapoingia.

Sasa matokeo yake ni nini? Ndani ya kihami, chanya ya atomu moja iko jirani na hasi ya atomu inayofuata, kwa hiyo zinafutana. Lakini kwenye nyuso mbili za kihami, zile zinazogusa sahani, hakuna jirani wa kuzifuta. Uso unaogusa sahani chanya unakuwa na chaji hasi kidogo, na uso unaogusa sahani hasi unakuwa na chaji chanya kidogo. Chaji hizi zinaleta uga wa upande wa pili, unaopunguza ule wa kwanza. Uga ukipungua, volteji kati ya sahani inapungua pia, na betri inapata nafasi ya kusukuma chaji nyingine mpaka volteji irudi palepale. Hiyo ndiyo siri ya Faraday. Kihami hakipitishi chaji, lakini kwa kuinama kwake kinaziwezesha sahani kubeba chaji nyingi zaidi kwa volteji ileile.

SI VIHAMI VYOTE VILIVYO SAWA

Idadi ya mara ambazo kihami kinaongeza uwezo wa kapasita huitwa namba ya daielektriki. Ombwe lina 1 kamili. Hewa inazidi kidogo sana, takriban 1.0006. Plastiki ya polipropilini ina takriban 2.2, na poliesta karibu 3.3. Mika iko kati ya 6 na 7, na oksidi ya alumini karibu 9. Maji safi yana takriban 80. Na kauri ya bariamu titaneti inaweza kufikia maelfu.

Msomaji atauliza: basi kwa nini tusijaze maji, au kwa nini kila kapasita isiwe ya bariamu titaneti? Jibu ni kwamba kila kihami kinatoa huku kinachukua kule.

Maji yana molekuli zinazogeuka vizuri, lakini huwa na ioni ndani yake, na ioni hizo zinasafiri. Kapasita ya maji ingevuja. Zaidi ya hapo, molekuli zinazogeuka hazigeuki bure. Katika umeme wa mkondo geu, uga unabadilisha upande mara nyingi kwa sekunde, na molekuli zikichelewa kuufuata, nishati inageuka kuwa joto. Joto la namna hiyo ndilo linalopasha chakula katika oveni ya maikrowevu. Jikoni ni baraka. Ndani ya kapasita ni hasara.

Bariamu titaneti ina tabia nyingine inayowashangaza wanafunzi wengi. Ikiwekwa chini ya uga mkubwa usiobadilika, uwezo wake unapungua, kwa sababu sehemu zake nyingi zimekwisha kuelekea upande mmoja na hazina pa kuinamia tena. Kapasita ndogo ya kauri iliyoandikwa mikrofaradi 10 inaweza kubaki na chini ya nusu ya hiyo inapofikia volteji iliyoandikwa juu yake. Pia uwezo wake unapungua polepole kadiri miaka inavyopita, hata ikiwa kabatini.

Kapasita za elektroliti, zile za mviringo zenye alama ya kutoa upande mmoja, zina ajabu ya aina yake. Kihami chake ni ngozi ya oksidi iliyooteshwa juu ya karatasi ya alumini kwa kutumia volteji yenyewe. Unene wake ni takriban nanomita moja na nusu kwa kila volti iliyotumika kuiotesha. Kwa hiyo hata kapasita ya volti 400 ina kihami chenye unene usiofika mikromita moja. Ndiyo maana inabeba chaji nyingi katika umbo dogo. Lakini ukiiunganisha kinyume, ngozi ile inaharibika, mkondo unapita, maji ya ndani yanachemka na kapasita inapasuka. Joto nalo ni adui yake. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikipungua, maisha yake yanakaribia kuongezeka maradufu. Zikiongezeka, yanapungua nusu. Amplifaya ya kanisani iliyofungiwa kabatini bila upenyo wa hewa, katika joto la pwani, inaanza kuvuma mapema kwa sababu hiyo.

KIHAMI KINAPOZIDIWA

Turudi shambani. Upepo ukiwa wa kawaida, mahindi yanainama na kusimama. Ukija upepo wa tufani, yanang'oka. Hapo hayawi tena mahindi yaliyosimama. Yanachukuliwa kama vumbi.

Uga ukizidi kiasi, elektroni zinang'olewa kutoka katika atomu zake. Elektroni moja iliyong'oka inakimbia kwa kasi, inagonga atomu nyingine, inang'oa ya pili. Mbili zinang'oa nne. Katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, njia ya mkondo imefunguka na cheche inaruka. Hewa katika pengo la kawaida la sentimita moja hufikia hapo kwa takriban volti 3,000 kwa milimita. Radi ni kupasuka kwa kihami hicho hicho, yaani hewa, kwa kipimo cha mbinguni.

Sasa tupige hesabu ya feni yetu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini hicho ni kipimo cha wastani. Kilele chake katika kila wimbi ni takriban volti 325. Tuseme plastiki iliyoko ndani ya kapasita ina unene wa mikromita 6, yaani sehemu sita za elfu za milimita. Gawa 325 kwa 0.006, utapata volti 54,000 na zaidi kwa milimita. Huo ni uga mara 18 ya ule unaopasua hewa katika pengo la sentimita moja. Utando mwembamba kuliko unywele unakaa ndani ya uga huo usiku na mchana, ukigeuzwa upande na upande mara 50 kwa sekunde, miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kasoro ndogo ina maana kubwa. Katika vihami vinene vya volteji kubwa, kiputo kimoja cha hewa ni udhaifu mara mbili. Hewa ina namba ndogo ya daielektriki, kwa hiyo uga ndani ya kiputo unakuwa mkubwa kuliko katika kihami kinachokizunguka. Na hewa hiyohiyo ndiyo yenye uvumilivu mdogo. Cheche ndogo zinaruka ndani ya kiputo, zinatafuna kingo zake, na baada ya muda njia inajichimba kama mizizi mpaka upande wa pili. Ndiyo sababu viwandani kihami hukaushwa, hewa hunyonywa, na mafuta au resini hujazwa katika kila upenyo.

KWA NINI FENI INACHOKA

Kapasita ya feni imetengenezwa kwa namna ya pekee. Metali iliyopakwa juu ya polipropilini ni nyembamba mno. Mahali penye kasoro pakipasuka, cheche inayotokea inayeyusha na kuivukisha metali inayopazunguka. Tundu linabaki, lakini limezungukwa na plastiki tupu isiyo na metali, na hitilafu inakwisha hapohapo. Kapasita imejiponya, na feni haijasimama hata kidogo.

Lakini uponyaji huo una gharama. Kila cheche inaondoa kipande kidogo cha sahani, na sahani ikipungua, uwezo unapungua. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Volteji inayopanda na kushuka, joto la darini na unyevu huharakisha mbanduko huo. Kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 2.5 inakuta imebaki na 2, kisha 1.5.

Feni ya darini inahitaji kapasita ili mkondo wa koili yake ya pili upishane kwa wakati na mkondo wa koili ya kwanza. Kupishana huko ndiko kunakoleta msukumo wa kuzunguka. Mikrofaradi zikipungua, msukumo unapungua. Feni inajivuta, na siku moja inashindwa kuanza. Kilichokufa, basi, si kitu kimoja kilichokatika. Ni maelfu ya vidonda vidogo vilivyopona, na kila kimoja kimeacha kovu.

Wakati wa kubadilisha, mikrofaradi za kapasita mpya ziwe zilezile za zamani, na volteji iliyoandikwa iwe ileile au zaidi, kamwe isipungue. Na mtu asifunge kapasita ya elektroliti ya umeme wa betri kwenye feni au pampu kwa sababu tu namba za mikrofaradi zinalingana. Mkondo geu utaigeuza kinyume mara 50 kwa sekunde, na itapasuka.

CHAJI INAYORUDI

Sasa tufikie jambo ambalo tungependa kila mwanafunzi na kila fundi mchanga alishike.

Nishati ya kapasita ni nusu ya uwezo wake kuzidisha volteji mara volteji. Kapasita ya feni ya mikrofaradi 2.5 katika kilele cha volti 325 ina takriban juli 0.13. Itakushtua, na ukiwa juu ya ngazi mshtuko huo unatosha kukuangusha. Kapasita ya mikrofaradi 470 katika saketi ya kuingizia umeme ya kifaa cha elektroniki, kwa volti hizohizo, ina karibu juli 25. Hiyo ni hatari ya kweli. Kapasita ya oveni ya maikrowevu ina volti zaidi ya 2,000, na imekwisha kuua watu waliokuwa wamechomoa plagi. Kuchomoa plagi kunakata njia ya umeme kuingia. Hakuondoi umeme uliokwisha kuingia.

Kuna hatari ya pili iliyojificha zaidi. Tulisema upepo ukitulia mahindi yanasimama. Lakini si yote yanayosimama kwa kasi moja. Ndani ya kihami kuna molekuli nzito zinazogeuka polepole, na chaji zilizonaswa katika mashimo ya plastiki au oksidi. Ukiunganisha miguu miwili ya kapasita kwa sekunde chache, volteji inashuka hadi sifuri, nawe unaridhika. Lakini ndani yake sehemu ya kihami bado imeinama. Ukiiacha wazi, sehemu hiyo inaendelea kunyooka taratibu, na volteji inaonekana tena kwenye miguu, kana kwamba kapasita imejichaji yenyewe. Katika kapasita za elektroliti, volteji inayorudi inaweza kufikia kama sehemu ya kumi ya ile ya mwanzo. Na hata ikirudi asilimia 2 tu katika kapasita ya volti 10,000, hizo ni volti 200. Ndiyo sababu kapasita kubwa huhifadhiwa zikiwa zimefungwa waya kati ya miguu yake, hata ghalani.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Zima, chomoa, subiri. Toa chaji kupitia rezista, si kwa bisibisi, maana bisibisi huleta cheche inayoweza kuyeyusha metali na kuumiza macho. Kwa kapasita ya mikrofaradi 470, rezista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 10, iliyoshikwa kwa koleo zenye mpini wa kihami, inahitaji kama nusu dakika. Kisha pima kwa mita. Subiri kidogo, pima tena. Mita ikisoma sifuri mara ya pili, hapo ndipo unapoweza kugusa. Oveni za maikrowevu ziachiwe mafundi waliosomea.

MAFUTA YENYE SUMU

Kihami kinaweza kudhuru hata bila umeme. Kuanzia mwaka 1929 viwanda vilianza kuuza vimiminika vinavyoitwa kwa kifupi PCB. Vilikuwa vihami vizuri sana: haviwaki kwa urahisi, havichakai, vinastahimili joto. Vikajazwa katika kapasita kubwa na transfoma duniani kote. Uimara uleule uliowafurahisha wahandisi ndio uliokuwa tatizo. Vikimwagika, havioozi. Vinaingia katika udongo, katika samaki, katika maziwa ya mama. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, na mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kuvitumia katika mitambo, na 2028 kuwa lengo la kuteketeza mabaki yake kwa njia salama. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba huo.

Jambo hili linatuhusu. Katika maeneo yetu ya Afrika Mashariki mafuta ya transfoma yamekuwa yakiibwa na kuuzwa, mengine kwa ajili ya kukaangia chakula. Hayanuki vibaya, hayaungui haraka, na kwa macho huwezi kujua kama yana PCB. Mapadre na makatekista walioko vijijini wakisikia mafuta ya namna hiyo yanauzwa, wasinyamaze. Na kapasita kubwa za zamani zinazovuja, ambazo hupatikana katika mashine kuukuu za misheni na warsha, zisichomwe wala kuzikwa nyuma ya nyumba. Taarifa itolewe kwa mamlaka ya mazingira. Utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, ambao Papa Fransisko aliuandikia waraka wa Laudato si' mwaka 2015, unaanzia katika mambo madogo kama hayo.

KWA KUHITIMISHA

Tulianza na kitu kinachoonekana hakifanyi kitu. Kihami hakipitishi mkondo, hakizunguki, hakitoi mwanga. Lakini tumeona kwamba kila atomu yake inaitikia uga, kwamba kwa kuinama mahali pake inaziwezesha sahani kubeba kile ambacho peke yake zisingeweza, na kwamba ina mpaka ambao ukivukwa kila kitu kinaharibika. Franklin, Faraday na Debye hawakuubuni utaratibu huu. Waliukuta tayari katika viumbe, wakautafuta kwa uvumilivu. Sisi tunaosoma falsafa asubuhi na kubadilisha kapasita mchana hatuoni ugomvi kati ya kazi hizo mbili.

Ndugu msomaji, feni ya kwenu ikianza kujivuta, umeshajua kinachoendelea ndani yake. Na kabla hujagusa kifaa chochote kilichofunguliwa, pima, subiri, upime tena.